Kikapu cha Familia Mbele ya Rafu za Supamaketi

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wa idara yetu ya elimu kwa watumiaji bidhaa mbele ya wanachama wa vikundi vya akiba katika mji mmoja mdogo wa Kenya ya kati, mwezi mmoja kabla ya supamaketi ya kwanza kufunguliwa mjini humo. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wasomaji wa miji mingine.



Nimeelezwa kwamba gumzo kubwa katika vikundi vyenu wiki hizi ni jengo lile jipya lenye vioo, lililo mkabala na kituo cha matatu. Mafundi wamekwisha kufunga rafu, na bango la mlangoni linatangaza kwamba duka litafunguliwa mwezi ujao. Katibu wenu alinipigia simu akaniuliza swali ambalo nimelibeba njia nzima hadi hapa: je, duka hili litatulisha vizuri zaidi, au litatuletea magonjwa? Nimekuja kulijibu kwa kadiri ya ujuzi uliopo. Naomba niseme mapema kwamba jibu lenyewe si moja. Duka lile lile lina jibu moja kwa mtoto wako, na jibu jingine kwako wewe mzazi.

Supamaketi si jambo geni nchini mwetu. Serikali iliianzisha Uchumi mwaka 1975, na kwa miaka mingi baada ya hapo maduka ya namna hiyo yalikuwa mambo ya Nairobi na miji mingine michache mikubwa. Wengi wetu tulikuwa tukiyaona tunapokwenda kumtembelea jamaa. Sasa yamefika hadi kwenye miji yenye barabara moja ya lami. Haya yamewapata watu wengine kabla yetu. Mwaka 2003 mchumi Thomas Reardon na wenzake walieleza jinsi ilivyokuwa Amerika ya Kilatini: mwaka 1990 supamaketi zilikuwa zikiuza kati ya asilimia 10 na 20 ya chakula cha rejareja, na ilipofika mwaka 2000 zilikuwa zikiuza asilimia 50 hadi 60. Sisi hatujafika huko. Mboga na matunda yetu mengi bado hutoka sokoni na kwa mama mboga, na naona baadhi ya hao mama mboga wameketi hapa mbele yangu. Nitawarudia baadaye.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walikwenda katika miji mitatu ambayo wengi wenu mnaijua: Ol Kalou, Mwea na Njabini. Miji hiyo ilichaguliwa kwa makusudi. Ol Kalou ilikuwa imekaa na supamaketi kwa miaka kama kumi. Mwea ilikuwa imepata ya kwake juzijuzi. Njabini haikuwa nayo kabisa. Hivyo iliwezekana kulinganisha familia zinazokaribiana kwa kipato na elimu, zinazotofautiana hasa kwa mahali zinaponunua chakula. Watafiti waliingia katika nyumba zaidi ya mia nne, wakauliza kilichonunuliwa na kilicholiwa, wakawapima watu urefu na uzito. Mwaka 2015 walirudi tena.

Matokeo yao ndiyo yaliyonifanya niseme kwamba jibu si moja. Watu wazima wa familia zinazonunua supamaketi walikuwa na uzito mkubwa zaidi kwa kulinganisha na urefu wao. Kipimo cha sukari ya damu kabla ya kula, kilichochukuliwa mwaka 2015, kilionyesha kwamba wanunuzi wa supamaketi walikuwa na sukari ya juu zaidi, na kwamba wengi zaidi kati yao walikuwa wamefika kwenye kizingiti cha kisukari. Hayo ni ya wakubwa. Kwa watoto mambo yalikuwa tofauti. Wale wa familia zinazonunua supamaketi hawakuonekana kuwa wanene kuliko wenzao, bali walielekea kuwa warefu zaidi kwa umri wao. Kwa lugha ya kliniki, kudumaa kulikuwa kumepungua.

Inawezekanaje kikapu kimoja, kinachopikwa katika sufuria moja, kikamwinua mtoto na kumdhuru mama yake? Watafiti walipochunguza matumizi ya familia hizo waliona mambo mawili. Kwanza, familia zilipata nguvu nyingi zaidi ya chakula, yaani kalori nyingi zaidi, kwa shilingi ile ile. Pili, vyakula vilivyosindikwa kiwandani vilichukua nafasi ya vyakula vinavyotoka shambani moja kwa moja. Sasa mfikirieni mtoto wa miaka mitano ambaye hapo awali chakula chake kilikuwa kidogo, tena cha aina moja au mbili. Akiongezewa chakula na aina zake zikawa nyingi, mwili wake una kazi ya kukifanyia: unajenga mifupa, unajenga misuli. Mtu wa miaka arobaini, anayeshinda ameketi nyuma ya kaunta au juu ya bodaboda, haongezeki urefu tena. Nyongeza ile ile kwake inatua kiunoni.

Picha hiyo tunaiona hata katika takwimu za taifa zima. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 26 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18. Ni hatua ya kujivunia. Lakini mwaka huo huo wa 2014 thuluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi, na kufikia mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imepanda. Sisemi kwamba supamaketi ndiyo iliyoyafanya yote hayo. Barabara, kazi za kukaa, televisheni na mifuko iliyonenepa kidogo vyote vina sehemu yake. Nasema tu kwamba supamaketi ni mlango mmoja ambao mabadiliko hayo yanapitia, na kwamba mlango huo utafunguliwa hapa mwezi ujao. Huko Guatemala, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliona mwelekeo unaofanana: kadiri familia ilivyonunua zaidi supamaketi, ndivyo vyakula vya kiwandani vilivyokula sehemu ya vyakula vyao vikuu vya siku zote.

Mtanisamehe nikijitolea mfano mwenyewe. Nilipoajiriwa Nairobi, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nilikuwa nikifika mtaani saa mbili usiku. Mama mboga alikuwa amekwisha kufunga. Supamaketi ilikuwa wazi na taa zake zinawaka. Nilichukua kilichokuwa tayari: mkate, soseji, tambi za dakika mbili, mtindi wenye sukari, chupa ya juisi. Hakuna aliyenilazimisha. Mwaka ulipoisha nilikwenda nyumbani, na nyanya yangu, kabla hata ya kunisalimu, akaniuliza kama gauni lile nililovaa nilikuwa nimeazima kwa mtu. Nilikuwa nimeongeza kilo tisa. Nami ni mtu ambaye kazi yake ni kuwafundisha wengine namna ya kununua.

Tuingie basi ndani ya duka lenyewe, tuanze na kitu ambacho kila nyumba itakinunua: unga wa ugali. Hapa ndipo ninapopenda kuwaomba watu wasiwe wepesi wa kuhukumu. Unga wa kinu cha mtaani, yaani wa posho mill, mara nyingi husagwa na maganda yake na kiini chake, kwa hiyo una nyuzinyuzi na baadhi ya virutubishi ambavyo ule mweupe wa pakiti umevipoteza katika kukobolewa. Kwa mtu anayechunga sukari ya damu, hilo si jambo dogo. Lakini tangu mwaka 2012 sheria inamtaka kila mwenye kiwanda cha unga wa mahindi au wa ngano wa pakiti auongezee vitamini na madini, yakiwemo madini ya chuma na zinki, na mafuta ya kupikia ya mimea yaongezewe vitamini A. Kwa mama mjamzito na mtoto mdogo, hilo nalo si jambo dogo. Kwa hiyo pakiti ina jambo, na kinu kina jambo.

Iko pia habari ya sumu ya kuvu, aflatoksini. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2004, watu 125 walipokufa katika sehemu za mashariki mwa nchi kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Mahindi hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya mashambani kwao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ndipo watu waliposema: heri unga wa dukani. Mwezi wa Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha uuzaji wa chapa tano za unga wa mahindi wa pakiti kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Kuvu haijui tofauti ya gunia na pakiti. Ushauri wetu ni huu: ukisagisha mwenyewe, anika mahindi mpaka yakauke barabara, na yale yaliyobadilika rangi au kuota kuvu yaondoe, usimpe hata kuku. Ukinunua pakiti, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango pamoja na alama ya kuongezewa virutubishi, na nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi wa simu. Na kama una uwezo wa kuchanganya, leo ugali wa pakiti, kesho ule wa kinu uliotiwa wimbi au mtama, nyumba yako itakuwa imepata heri ya pande zote mbili.

Baada ya unga, mtu anaingia katika safu ambazo soko letu la wazi halijawahi kuwa nazo: biskuti, vinywaji, nyama za kopo, viungo vya mchuzi vya pakiti, nafaka za kifungua kinywa zenye picha ya simba anayecheka. Huko ndiko maandishi madogo yanakoanza kuwa na thamani ya pesa. Watu wengi wanasoma upande wa mbele wa pakiti. Upande wa mbele umeandikwa na mwenye kuuza; geuza pakiti, usome upande ambao sheria imemlazimisha auandike.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kikitangulia. Ukikuta sukari ni ya pili katika orodha ya biskuti, umekwisha kujua unanunua nini. Ukikuta chupa yenye picha ya embe, na orodha inaanza na maji, ikafuata sukari, kisha ndipo maji ya embe yanapotajwa kwa asilimia ndogo, hiyo si juisi ya embe. Ni maji ya sukari yaliyopitishwa karibu na mwembe. Mwenye kiwanda hajakudanganya, maana ameandika. Sisi ndio hatukusoma.

Jambo la pili ni hesabu ya sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko vya chai kama kumi na viwili, na akiweza kushuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Soda ya kawaida ina gramu kumi au kumi na moja katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita, basi, inamaliza posho ya siku nzima kabla hujanywa chai. Nami najua chai inavyonywewa katika nyumba zetu.

Chumvi ni ngumu zaidi, kwa sababu pakiti nyingi haziitaji kwa jina lake. Huandika sodiamu. Ili kupata chumvi yenyewe, zidisha sodiamu mara mbili na nusu. Pakiti ya tambi ikisema ina miligramu 800 za sodiamu, hiyo ni gramu mbili za chumvi, na kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu tano kwa siku kwa vyakula vyote pamoja. Angalia pia kama hesabu hiyo ni ya pakiti nzima au ya mgao mmoja tu. Nimewahi kushika pakiti ndogo ya vibanzi ambayo kwa mujibu wa maandishi yake ilikuwa chakula cha watu wawili na nusu. Huyo nusu sijakutana naye bado.

Na mafuta. Mtakuta chupa imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina kolesteroli. Ni kweli, haina. Wala hakuna mafuta yoyote ya mimea yaliyowahi kuwa nayo kwa kiasi cha kutajwa, kwa hiyo sifa hiyo ni sawa na kumsifu mbuzi kwa kutokuwa na manyoya ya kuku. Cha kutafuta ni kama mafuta ni ya kuganda au ni ya maji, na kama orodha inataja mafuta ya mimea yaliyotiwa hidrojeni kwa kiasi. Hayo ya mwisho yana aina ya mafuta inayoharibu mishipa ya moyo, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2018 limekuwa likizihimiza nchi zote ziyaondoe katika chakula. Yaacheni kwenye rafu.

Nchi nyingine zimewarahisishia wananchi wao kazi hii. Chile, tangu mwaka 2016, inalazimisha alama nyeusi yenye pembe nane upande wa mbele wa pakiti yenye sukari, chumvi, mafuta au kalori kupita kiwango; hata mtoto asiyejua kusoma anaielewa. Afrika Kusini ilianza kutoza kodi vinywaji vyenye sukari mwezi wa Aprili 2018. Mambo hayo yanahitaji wabunge na mawaziri. Kugeuza pakiti hakuhitaji idhini ya mtu.

Sasa bei, maana najua ndiyo itakayowapeleka wengi wenu mle ndani. Supamaketi kwa bidhaa nyingi za pakiti ni nafuu kuliko duka la jirani, na hilo tusilifiche. Anayenunua mafuta kwa kipimo kidogo kila jioni hulipa zaidi kwa kila lita kuliko anayenunua chupa. Nitoe mfano wa bei za kubuni: kipimo cha mililita 50 kwa shilingi 20 ni sawa na shilingi 400 kwa lita. Kama chupa ya lita moja ni shilingi 330, mwenye kipimo amepoteza shilingi 70. Kama chupa ya lita tatu ni shilingi 960, kila lita imeshuka hadi 320. Gawanyeni bei kwa uzito au kwa ujazo kila mara, kwa sababu si kweli kwamba pakiti kubwa ni nafuu daima. Wakati mwingine pakiti mbili ndogo huishinda moja kubwa.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Mama anayenunua kipimo cha mililita 50 anapika na mililita 50. Mwenye chupa ya lita tatu anamimina. Hakuna ubaya wa nia. Ni mkono tu unaojua kwamba bado ipo. Vivyo hivyo kwa sukari ya kilo mbili na mkate mkubwa. Mama mmoja aliwahi kuniambia kwamba hutia mafuta ya wiki katika chupa ndogo ya nusu lita na kuifungia ile kubwa kabatini. Kwangu huo ni ushauri bora kuliko mwingi niliowahi kuusoma kazini. Kumbukeni pia kwamba duka la jirani lina daftari la mkopo. Siku mtoto ni mgonjwa na mshahara haujaingia, keshia wa supamaketi hatakuandika. Msilikate kabisa lile duka linalowajua kwa majina.

Ofa nazo zina tabia yake. Nunua mbili upate ya tatu bure: mara nyingi ni biskuti, ni soda, ni soseji. Bado sijaona managu yakitolewa kwa ofa. Kabla ya kufurahi, tazameni tarehe ya mwisho wa matumizi, kwani bidhaa inayokaribia tarehe hiyo ndiyo duka linalotaka iondoke upesi. Na mkiwa na watoto, jueni kwamba peremende zilizopangwa kando ya keshia hazikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Zimewekwa kwa kimo cha macho ya mtoto, mahali ambapo mzazi amesimama foleni na hawezi kuondoka.

Kuna bidhaa moja ambayo ofa yake ni kosa kwa sheria. Ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Sheria ya mwaka 2012 ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama inakataza kuyatangaza au kuyavutia wateja kwa zawadi na punguzo la bei. Mkiona hivyo katika duka lolote, tuarifuni.

Niliahidi kuwarudia mama mboga. Katika miji midogo, supamaketi huleta unga, mafuta, sabuni na vinywaji. Mboga mbichi huwa ni kidogo, au hakuna. Familia ikihamishia ununuzi wake wote huko kwa sababu ni mahali pamoja na pana mwamvuli wa mvua, kitakachopungua katika sahani ni sukuma wiki, terere, kunde, kabeji, machungwa, viazi vitamu na nduma. Hakuna atakayeamua kuviacha. Vitasahaulika tu kwa kuwa havikuwa njiani. Na mama mboga akikosa wateja wa kutosha kwa miezi sita atafunga kibanda, hapo hata atakayevikumbuka hatavipata karibu. Ndiyo maana ninawaomba mkipange kikapu kabla ya kutoka nyumbani. Maziwa, mayai, dagaa, maharagwe na ndengu, chumvi yenye madini ya joto, mafuta kwa kiasi: hivyo nunueni popote bei inapokuwa nzuri, na kama ni supamaketi, iwe supamaketi, hivyo ndivyo vinavyomsaidia mtoto kukua. Fungu la mboga na la matunda litengeni kwanza, pesa taslimu, kabla ya kuingia kwenye mlango wa vioo, kwa sababu ukitoka humo hutakuwa nalo.

Mwisho kabisa ni haki zenu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hizo, haki ya kulindiwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa akidhurika. Katika duka kubwa haki hizo huponyoka kwa vitu vidogo. Siku moja nilichukua pakiti ya unga iliyoandikwa bei fulani kwenye rafu. Nilipofika nyumbani nikaona risiti imenitoza shilingi kumi na mbili zaidi. Nilirudi. Kijana wa keshia aliniambia kwamba kompyuta ndiyo yenye bei. Niliomba msimamizi, nikampeleka hadi kwenye rafu, akasoma mwenyewe, akanirudishia pesa na kuiondoa ile karatasi ya bei. Shilingi kumi na mbili si mali, lakini rafu ile ilikuwa imepitiwa na mamia ya watu siku hiyo. Risiti ndiyo ushahidi wenu. Msiiache kwenye kaunta. Bidhaa iliyopita tarehe, bei mbili tofauti, uzito pungufu: anzeni na msimamizi wa duka, na asiposikia, leteni malalamiko kwetu pamoja na risiti na picha ya pakiti. Hakuna ada.

Nimekuja na mfuko wenye pakiti tupu ishirini ambazo nimezikusanya kutoka nyumba za wafanyakazi wenzangu, na nakiri kwamba kadhaa ni zangu. Nitazigawa katika kila safu. Kila watu wawili washike moja, waigeuze upande wa nyuma, watafute kiambato cha kwanza, kiasi cha sukari na kiasi cha sodiamu, kisha wamweleze jirani yao walichokiona. Wenye macho yaliyochoka kama ya nyanya yangu wasione haya kumwomba kijana awasomee. Maandishi yenyewe ni madogo mno, na hilo nalo ni lalamiko ambalo nitalipeleka ofisini. Baada ya dakika kumi nitapokea maswali, na mama mboga wataanza.